Mistari Tisa Inayopinda Kushoto

Mpendwa mshauri, salamu nyingi, natumaini hujambo wewe na wote nyumbani, mimi mzima kwa rehema za Mungu ila aibu ndiyo inayonimaliza, naomba msaada. Mimi ni msusi, mama wa makamo, na saluni yangu inajulikana kwa mtindo mmoja wa mistari tisa inayoanza usoni vizuri tu, halafu yote inapinda kushoto hadi nyuma ya sikio. Mwaka juzi mteja wangu mmoja, mwalimu, aliniuliza maana yake, na mdomo huu uliokuwa umetoka kusali asubuhi ileile ukajibu, "Ni msuko wa malkia wa kale, unapinda upande wa moyo," akafurahi, nami nikanogewa, kila mteja nikamwongezea malkia mwingine, sasa ninao watano na mmoja alipigana vita. Ukweli ni kwamba marehemu mama alipata kiharusi, mkono mmoja ukawa mzito, akitusuka mistari inakwenda upande, nami nikajifunza hivyohivyo kwa kutazama vichwa vya dada zangu, hadi leo iliyonyooka siiwezi. Sasa mwalimu amenialika Ijumaa nikawaeleze wanafunzi wake historia ya msuko huu. Mama mdogo, anayenisaidia kuchambua nywele za bandia, hana mbavu: "Malkia! Dada yangu aliolewa na fundi baiskeli, taji alilitoa wapi?" Nikikataa naumbuka, nikienda nadanganya watoto wa watu na Mungu ananiona. Tafadhali nijibu mapema, kabla ya Ijumaa.

Msusi mwenye malkia watano

*

Dada msusi, nimekucheka, nikakuhurumia, kisha nikakasirika. Alipigana vita na nani, huyo malkia wako? Lakini hao si neno. Kinachoniudhi ni kwamba umemfuta mama yako kwenye kazi ya mikono yake. Mgonjwa yule hakukubali binti zake watoke nyumbani na nywele timtimu, nawe unaona haya kumtaja? Historia unayo, na shahidi wake unaye hapohapo saluni.

Kesho mfuate mwalimu, umwambie ukweli uso kwa uso, na usimsingizie shetani. Akikubali bado uje, nenda na mama mdogo. Wewe msuke mwanafunzi mmoja mbele ya wenzake, mama mdogo ndiye asimulie. Mdomo wako umefanya kazi ya kutosha, uupumzishe. Na mtoto akiuliza msuko huo unaitwaje, hapo tu ufungue kinywa, utaje jina la mama yako.