Sauti ya Opala

Jumatatu, 5 mwezi wa tatu 1956

Patron, mukubwa wetu, ametukusanya tena, makarani wote wa biro ya Kisangani. Anataka poste zote za sosiete, ndiyo vituo vya kampuni, ziishi sawasawa na sisi: shati nyeupe, bendera ya sosiete juu, na saa moja asubuhi kila mukubwa wa poste asalimie kwa phonie, ile redio ya kusemea inayokwaruza sauti: «Tuko jamaa moja, kazi moja.» Mimi ndiye ninashika phonie. Basi kila asubuhi jamaa yote inapita masikioni mwangu.

Lakini Opala… Mukubwa wa kule ni Assumani. Tulijifunza ukarani pamoja, chumba kimoja. Mutu wa kupenda kucheka. Sasa anasema maneno yale kama mutoto mbele ya padri, na haniulizi hata habari ya Berthe, muke wangu. Leo nimemuuliza kwa ghafla: mwalimu wetu aliitwa nani? Phonie ikakatika. Ao ilikatwa.

Jumatano, 7 mwezi wa tatu

Mimi sikumwambia patron. Alphonse, karani wa pili, alimwambia — alikuwa anasikiliza nyuma yangu. Patron ameniita: panda boti ya kesho, nenda Opala, angalia kama kweli wanafuata mutindo wetu. Usiwaambie kitu.

Na phonie? Atashika Alphonse. Bon. Ameshakalia kiti changu nami bado niko ndani ya biro. Berthe anasema ninashuku hata kivuli changu. Labda.

Jumatatu, 12 mwezi wa tatu. Opala

Tumefika. Bendera iko juu. Mashati meupe — meupe kupita ya kwetu. Karani wa hapa, Lukumani, amenipokea kwenye bandari, amebeba sanduku langu, anaongea bila kupumua. Alipofungua kinywa tu nikajua: ni ile sauti inayojiita Assumani kwa phonie.

«Mukubwa iko musituni, ananunua mupunga.»

Atarudi lini? Hajui. Wafanyakazi wa depoti wameacha kazi nilipopita. Wananitazama kama mutu aliyetumwa kuchungulia. Na kweli nimetumwa.

Jumanne, 13 mwezi wa tatu

Asubuhi nimekwenda nyumbani kwa Assumani bila kumwambia Lukumani. Hadidja, muke wake, amesimama mulangoni. «Baba hayuko, shemeji.» Toka ndani sauti ikasema: «Umwache aingie, Hadidja. Ni Hilaire.»

Ametoka akigusa ukuta. Macho yamekufa. Ule ugonjwa wa watu wa mutoni — anaona mwangaza tu, basi. Kwa sheria ya sosiete, karani asiyeona anafukuzwa, na nyumba anaiacha. Iko na watoto wane. Ndiyo maana wafanyakazi wote wamejipanga: Lukumani anamusomea na kumusemea, wengine wanamushika mukono, yeye anaamua. Saa sita wote wanakula kwake, Wakristu na Waislamu, sahani moja. Hakuna patron aliyewaamuru.

«Umekuja kama ndugu,» ameniuliza, «ao kama macho ya patron?»

Nimesema sijui. Ni kweli, sijui.

Jumatano, 14 mwezi wa tatu

Saa moja, phonie. Alphonse kwanza, halafu patron mwenyewe. «Alors, Hilaire, Opala iko namna gani?»

Lukumani alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake.

Nikasema: «Iko vizuri, Patron. Hakuna poste inayofuata mutindo wetu kama hii.»

Patron akacheka. «Très bien! Basi umulete Assumani. Jumatatu wakubwa wa poste zote watakuwa hapa. Nitamuvalisha medali, wamutazame, wajifunze.»

Ni furaha ao ni mutego? Kwa phonie mutu hawezi kuona uso. Nikisema ni mugonjwa, watatuma munganga, naye ataona macho. Lukumani anataka aende yeye kwa jina la Assumani — lakini patron anajua sura ya Assumani. Mimi ndiye nimefanya hii, kwa neno langu zuri.

Assumani hakunilaumu. Amemwomba Hadidja apige pasi shati.

Jumatatu, 19 mwezi wa tatu. Ndani ya boti

Naandika upesi, Kisangani inaonekana. Assumani amesema: «Utanishika mukono, tutashuka tukicheka, kama marafiki wa zamani.» Nimesema sisi ni marafiki wa zamani. «Basi itakuwa rahisi.»

Ananiuliza nani wako bandarini. Namutajia: patron, kofia mukononi. Wakubwa wa poste, mustari mumoja, weupe kama nyange. Alphonse iko pembeni ya patron — hatazami boti, anatazama sisi wawili.

Sasa patron ametoa karatasi mufukoni, amemupa Alphonse. Alphonse anaita toka bandarini, mikono mudomoni: Assumani ndiye atasoma hotuba ya patron mbele ya wote.

Assumani amesikia. Anatabasamu upande wa sauti. Anauliza polepole:

«Hilaire, ile karatasi iko na maneno mengi?»

Kamba imetupwa. Watu wanasimama. Nafunga daftari, nimushike mukono; maneno nitamunong'onezea.