Mshipi wa Ualimu Amepewa Otieno

Jumamosi, 14 Julai 2007

Otieno, niliyemfundisha mwenyewe hata kusimama kwa mikono, leo amefungwa mshipi wa ualimu wa capoeira, mchezo wetu wa mapigano wa Kibrazili. Mimi nimebaki na wangu wa zamani.

Miaka mitatu nimeshika darasa la Kangemi kila mwalimu wetu anaposafiri. Leo kwenye sherehe kule Spring Valley, mbele ya wageni wa kutoka Brazil, mwalimu amenishukuru kwa "kusaidia". Kusaidia!

Baadaye nilimfuata nikamuuliza nimekosea wapi.

"Hujakosea, Njeri. Lakini wazazi wanapenda kuona mwanamume mbele. Na wewe ukiolewa si utatuacha?"

Nina miaka thelathini na moja. Hakuna aliyewahi kuja kwetu kuniposa, na hilo analijua.

Otieno aliningoja getini, akashindwa hata kunitazama. "Dada, Jumatatu si utakuja tufundishe pamoja?"

Nilimwambia darasa ni lake sasa, nikatembea hadi Westlands nikilia kwa hasira.

Najijua lakini, na hilo ndilo linaloniuma. Jumatatu nitafika Kangemi kabla yake nifagie ukumbi, kwa sababu wale wasichana wanane wa darasa letu walijiunga kwa ajili yangu.