Pazia la Mjane

Jumatatu, 4 Machi

Mimi ndiye kichwa cha filamu hii, wengine wote ni mikono na miguu! Mwongozaji ana kofia, mpiga kamera ana misuli. Akili — hapa. Shule niliacha darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa na cha kunifundisha.

Tunaigiza ile tamthilia ya kale, ya mjane na wanawe watatu wanaomwondokea mmoja mmoja. Babu zetu waliitazama jukwaani, sisi tunaitia kwenye kamera. Mjomba, fundi wa seti, kanipa kitabu chenyewe: soma, uandae chumba cha mjane. Nimesoma. Kila mtoto akiondoka, chini pameandikwa neno moja: PAZIA. Rangi hawakutaja — wavivu! Nimeshona matatu mekundu, nikayatundika madirishani. Pazia limetajwa mtoto akishatoka, basi hapo ndipo linapofanya kazi. Litaanguka!

Jumanne, 5 Machi

Mtoto wa kwanza katoka, nikavuta kamba. Pwaa! Jua likamwagika usoni mwa mjane. Wote wakageukia dirisha. Nikajua kazi sina.

Mwongozaji akavua kofia! Eti jukwaani mama huyu hulia kurasa mbili, leo kitambaa kimemlilia. Eti nyumba inavuliwa nguo mbele ya watu. Wazo la nani hili?

Nikafungua mdomo. Mjomba akawahi: la kwake, amelala nalo miaka mitatu.

Miaka mitatu! Uzi nilikata jana!

Jumatano, 6 Machi

Mjomba sasa ni "Profesa". Chai inamfuata kwenye kiti. Nikamuuliza mbona kaniuza.

"We mpwa wangu, chako si changu?"

Akacheka, akanimegea mkate. Kaka wa mama, tumbo moja! Sikuugusa. (Baadaye nimeula, lakini kwa hasira.)

Alhamisi, 7 Machi

Pazia la pili limeanguka vizuri kuliko la kwanza. Mwongozaji kasema filamu ijayo seti zote ni za Mjomba. Aliyevuta kamba hakutajwa. Kesho nasema. Ushahidi ninao.

Ijumaa, 8 Machi

Nimesema. Mbele ya wote, kabla mtoto wa tatu hajaondoka. Mjomba akanikanyaga mguu. Nikasema kwa sauti zaidi. Nikafungua kitabu:

"Bosi, tazama, imeandikwa hapa, PAZIA! Ni mimi niliyeliona, nikalishona!"

Aliyeanza kucheka ni mjane mwenyewe. Mpiga kamera akakaa chini kabisa. Mwongozaji hakucheka. Akaniambia polepole, kama anasema na mgonjwa: pazia hilo ni la jukwaani, kijana. Linafungwa watu wajue sehemu imekwisha. Si la dirishani.

Akamgeukia Mjomba: na wewe, miaka mitatu ulilala na nini?

Mjomba — Profesa! — akaninyooshea kidole. Eti yeye hajui lolote, kijana ndiye aliyelileta.

Yaani wazo lilipokuwa dhahabu, lake. Lilipogeuka kosa, langu!

Sasa mwongozaji kajifungia na zile picha, anaamua kama zipigwe upya bila pazia. Sisi wawili tuko nje, benchi moja, hatutazamani. Nimekaa hapa nimlaani vizuri, kwa maandishi, na kalamu inasita. Jumanne alidanganya. Leo kasema kweli. Neno lile, PAZIA, lilinitatiza tangu Jumatatu, na Mjomba alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipokaa, anapiga misumari. Nikaona haya kuuliza.