Sikukuu ya Lugha Huko Karaman

Mji wa Kale, Mombasa

Mjukuu wangu Khubaib,

Salamu za mapenzi. Mimi nasema, Mwanaesha wa jirani anaandika. Mguu waniuma, mdomo mzima.

Picha zako za sikukuu nimeziona. Ati lugha nayo hufanyiwa sikukuu? Mwanaesha akanisomea barua yako: zaidi ya miaka mia saba nyuma, wakubwa wa huko kwa Waturuki unakokaa wakiandika Kiajemi na raia wakisema Kituruki, hata mtawala wa Karaman akaamuru Kituruki kitumike barazani na uwanjani. Nimempenda! Lakini wale makarani wa Kiajemi walikula wapi? Na kina mama waliamriwa nao, au wao ndio walioitunza lugha jikoni siku zote?

Juzi kwenye simu ya video nilimwambia mwanao, "Zein, hujambo?" Akakutazama wewe umfasirie. Nilicheka. Simu ilipokatika nikalia.

Mkeo hana kosa, amempa mtoto lugha ya mamake. Wewe ndiwe uliyemnyima ya babake. Ukimwogesha, mwogeshe kwa Kiswahili. Ukimkaripia, mkaripie kwa Kiswahili. Nina miaka themanini na miwili, nataka kuzungumza naye bila wewe kukaa katikati.

Akugombezaye kwa kukupenda,
Bibi yako Mejumaa