Mafua Yasiyo na Chafya

Al Hail, Jumatatu, Januari

Nimewadanganya tena. Nimesema nna mafua.

Ningesema nini? Watu wote wanaifurahia baridi, wanatandika mikeka pwani, wanachoma mishikaki. Mimi jua likianza kuchwa mapema, roho hunywea, na dawa ya presha tangu juzi sijaitia mdomoni. Nikilitaja hilo, mtaa mzima utakuja kunikagua, na mimi mgonjwa ndiye ntakayewapikia kahawa.

Leo wanawake wa mtaa walikuja kwa ajili ya matuta ya barabarani tunayoyadai. Tangu alipogongwa na gari mtoto wa jirani mbele ya skuli, mimi ndiye ninayewasemea. Kesho asubuhi tunatakiwa baladia, ofisi ya manispaa, tukaonane na mkubwa wao.

"Wewe ndo wa kutusemea," wakanambia. Nikacheka. Nikawaambia nna mafua, tutaona kesho. Nisipokwenda, je? Na akigongwa mwengine...

Walipotoka, Bi Salma akabaki mlangoni, anavaa viatu polepole. Huyu kikaoni hasemi kitu, hata salamu huitikia kwa kichwa.

"Mafua gani haya, hata chafya huna?"

Nikainama kumsogezea kiatu cha pili.

"Na mimi unyonge huu hunijia kila baridi," akasema. "Kesho ntasema mimi. Wewe lala. Mchana ntakuja peke yangu, na kahawa ntakuja nayo."

Dawa nimemeza. Baladia siiogopi tena. Naogopa huo mchana, maana yule sitaweza kumdanganya.