Gazeti Lililomvisha Mwanangu Wizi

Ng'ambo, Unguja

Kaka yangu mpenzi Faki,

Assalaam alaykum. Kwanza kabisa nipe hali ya mama. Kifua kimepoa, au bado anakohoa alfajiri? Mwambie asitoke uwani bila ya kujitanda, na asikudanganye kuwa dawa kanywa, mtazame akinywa. Wifi yangu Bi Saumu hajambo? Miguu imeacha kumvimba? Wanao Bakari na Khamis wanakwenda chuoni, au wanatoka na misahafu wanaishia pwani? Jirani yetu Mzee Shaame lishaezekwa paa lake? Wote nisalimie, mmoja mmoja, usiseme tu "mnasalimiwa".

Na mwanangu Mize, niliyekuachia huko Chokocho. Huyu nimemweka nyuma kwa sababu nikishamtaja siwezi tena kuuliza habari za mtu mwengine. Anakula? Analala?

Sisi huku wazima. Baba Mize yuko bandarini na magunia yake, mgongo unamuuma lakini hasemi. Mimi na vitumbua vyangu, Alhamdulillahi.

Barua yako nimeipata. Umesema Mzee Makame wa Mgogoni ametuma mtu, kuwa harusi ya Mize na mwanawe Hamadi isimame kwanza "mpaka mambo yatulie". Mambo gani, kaka? Mwanangu kafanya nini? Tokea niisome barua ile nimeunguza vitumbua kila siku kwa hasira. Basi nikueleze tangu mwanzo, maana naona huko habari imefika vipande vipande, na wewe ndiye utakayesimama mbele za watu.

Unakumbuka Mize alipeleka kofia Wete, kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Ile kofia ya viua, matundu yote kwa sindano yake, aliyokuwa akimshonea Hamadi avae siku ya ndoa. Akapata zawadi ya kwanza, na gazeti la huku likaandika. Baba Mize kalinunua, kaja nalo mbio toka bandarini, majirani wakajaa barazani petu. Akasoma kwa sauti: Mize binti Juma wa Chokocho, kofia yake imewashinda wote, mkono wake umesifiwa. Mimi machozi yananitoka kwa furaha. Naye akaendelea kusoma bila kupumua: hakimu akamwamuru airudishe kofia kwa mwenye duka, alipe na faini, na akamwonya asirudie tena wizi.

Baraza nzima wakanigeukia. Bi Nunu wa nyumba ya pili akasema, "Lo! Kumbe kofia yenyewe kaiba?"

"Funga mdomo wako, Bi Nunu!"

"Sikusema mimi, shoga yangu. Limesema gazeti."

Baba Mize akaligeuza nyuma na mbele, akarudia kusoma, maneno ni yale yale. Baadae ndiyo tukaja kujua. Ilikuwako habari nyengine, ya mtu wa hapa mjini aliyeiba kofia dukani. Wamechukua kichwa cha habari ya mwanangu wakakibandika kwenye mkia wa habari ya mwizi, wakachapa, wakauza. Hakuna aliyeisoma hata mara moja. Angeisoma mtu angejiuliza, binaadamu apewaje zawadi na faini kwa kofia moja?

Na wewe wajua, kaka, mimi herufi hizi za kizungu nimejifunzia gazetini. Skuli sikwenda, nilikwenda chuo cha Kurani tu. Baba Mize akija Pemba na gazeti, akinionesha kwa kidole, nami nikimfuata. Wakati ule ukianza kusoma habari unajua utafika mwisho wake salama. Siku hizi! Juu wameandika marehemu, chini yake mtu huyo huyo anaendelea vizuri hospitali. Meli imefika Mkoani na papo hapo bado inapakia hapa Unguja. Mji umejaa magazeti, kila wanaokosana wanafungua lao, na kila kijana mwenye kalamu mfukoni ni mwandishi. Tulikuwa tukicheka. Sasa sicheki.

Nikavaa buibui langu nikenda ofisini kwao. Nikamkuta mhariri, kijana wa shati jeupe, kakaa na mwenzake wanakunywa kahawa.

"Karibu, bibi. Una tangazo?"

"Nataka kujua nani kalisoma gazeti hili kabla ya kuchapwa."

"Gazeti letu linasomwa na watu wengi, bibi."

"Kabla, mwanangu. Nimesema kabla."

Wakatazamana wakacheka. Akasema zamani alikuwako mzee wa kusahihisha, akikaa na kila ukurasa mpaka aridhike, lakini wamempumzisha. "Alikuwa akituchelewesha. Siku hizi habari ni mbio. Ukikawia, la wenzako lishatoka. Wakati wa siasa huu, bibi."

"Na mwanangu kagombea kiti gani?"

"Ni kosa dogo tu. Watu wanaelewa."

"Ndiyo, wameelewa kuwa ni mwizi!"

Hapo ndipo akaacha kucheka. Akasema atatoa masahihisho. Nami kwa uchungu nikamweleza yote, mchumba ni nani, mtoto wa nani, wa wapi, na kuwa harusi ni karibu, ili aone alichotaka kukivunja. Akawa anaandika kwenye karatasi. Nikajua kaingiwa na imani.

Loo, kaka! Masahihisho yakatoka, chini kabisa, chini ya tangazo la sabuni. Kosa letu hakuna, samahani hakuna. Wameandika kuwa Mize binti Juma, mchumba wa Hamadi bin Makame wa Mgogoni, ambaye harusi yake iko karibu, hahusiki na wizi wa kofia. Basi. Wizi gani, wa nani, hawakusema. Gazeti la kwanza halikufika Mgogoni. Hili limefika. Aliyekuwa hajui lolote kajua kuwa kuna wizi, na jina la mume nalo limo ndani yake.

Nikarudi tena ofisini, safari hii na Baba Mize. Yule kijana akaniambia, "Si tumeandika kuwa hahusiki? Unataka nini tena?" Wallahi nilishakishika kidau cha wino. Baba Mize akanivuta mkono, tukatoka.

Kwa hiyo Mzee Makame simlaumu sana. Na mimi ningekuwa na mtoto wa kiume na nikasikia vile, ningeshtuka. Lakini kushtuka si kuvunja. Nakuomba wewe uende Mgogoni, wewe mwenyewe, usitume mtu. Wala usibebe gazeti lolote, hata hilo la masahihisho, maana kila wanalolichapa linazidi kumchafua. Pita Wete umchukue mwalimu wake wa ushoni. Yule alimwona Mize akianza kofia ile kutoka kitambaa kitupu, na yeye ndiye aliyempeleka maonyeshoni. Aseme kwa mdomo wake mbele ya Mzee Makame na mkewe, na Hamadi awepo asikie. Na kama wao wanataka kuvunja, wavunje kwa maneno ya wazi tujue. Hayo ya mpaka mambo yatulie siyataki. Msichana hawekwi juani kama karafuu akangojwa akauke.

Umeniandikia kuwa Mize kaacha kushona, na kisimani haendi, kwa kuwa wenzake wanamwuliza, "Leo umetuletea kofia ya duka gani?" Waambie mama zao. Waambie nimesema mimi, na nikija nitapita nyumba kwa nyumba. Usimlazimishe kwenda, wala usimlazimishe kushika sindano. Bi Saumu alale naye chumba kimoja, nakuomba. Mwambie Mize kuwa mama yake anajua ile kofia ni mkono wake, kila tundu.

Mama usimsomee barua yote, msomee ya mwanzo tu.

Nisalimie mwalimu wa chuoni aliyemfunza Mize kusoma, amwombee dua. Nisalimie mkunga wetu aliyempokea mikononi. Na shoga yangu wa jirani na msikiti, mwambie nimepata mchele wake, Mungu amlipe. Baba Mize anakusalimu sana, anasema yuko nyuma yako kwa lolote utakalolisema huko.

Ukirudi tu kutoka Mgogoni usikae, usingoje hata kupumzika. Andika, umpe yeyote anayepanda meli Mkoani, nitakwenda gatini kila meli ikiingia. Maneno mengi siyahitaji, kaka. Niandikie tu, wanamchukua mwanangu au hawamchukui.

Ndugu yako,
Mwanakombo, Mama Mize