Nukta Ulizonitobolea

Nairobi, Jumapili

Mama Awuor,

Nakusalimu kutoka huku niliko, nikiomba barua hii iwakute wazima, wewe, mama yangu na watoto. Mimi mwili hauna shida. Mvua imenyesha wiki nzima na chumba kinavuja pembeni, lakini usingizi naupata. Njugu mmeshang'oa zote? Na mguu wa mama, ule uvimbe umepungua? Naandika Kiswahili kama kawaida yetu, maana Kijaluo chako cha kusoma bado, na Kikuria changu unajua kinavyokuchekesha. Leo lakini sina kicheko.

Nianze na kazi. Tangu Pasaka tunatengeneza jiografia ya darasa la sita kwa breli. Kitabu kimoja cha watu wenye macho, kwetu kinakuwa vitabu vinne vinene. Msomaji ananisomea kwa sauti, mimi nabonyeza mashine macho yakiwa kwenye nukta, kisha Mzee Shabani, ambaye hajaona mwanga tangu utotoni, anapitisha vidole kutafuta makosa. Kichwa cha somo nikikianzia nafasi ya tatu badala ya ya tano, ananirudishia ukurasa mzima. "Okello, mtoto atajuaje hapa somo inaanza? Rudia." Ramani ndizo zilizotutoa jasho. Ziwa letu nililichora kwa uzi na gundi, na mzee akaufuata ufuo polepole mpaka Homa Bay, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia apande bara kidogo, hapo ndipo Kosele. Siku hiyo nilijiona mtu.

Ndipo nikataka kujionyesha zaidi. Barua za Awuor kutoka shule ya bweni huwa natembea nazo mfukoni, zote nane, zile ulizosema mwalimu anakupa wewe unitumie. Nikamwekea mzee ile ya mwisho mkononi nikamwambia asome kazi ya binti yangu.

Akapitisha vidole mara ya kwanza, akapitisha tena. Akaigeuza. Akairudia kwa kidole kimoja, mstari kwa mstari, mpaka nikadhani kuna habari ya msiba ambayo mimi sikuiona.

"Huyu mtoto ni kipofu kweli?"

"Ni kipofu, mzee. Surua ilimpata akiwa na miaka minne."

"Basi si yeye ameandika hii. Hii iko na mashimo tu. Mahali kidole inataka nundu, hakuna kitu. Nundu ziko nyuma, na zote zimepinduka. Hii ni mtu wa macho aliandika, ndio mtu wa macho asome."

Mama Awuor, mimi breli naisoma kwa macho. Kwa macho, shimo na nundu ni kivuli kilekile, na barua zile nilikuwa nazisoma kwa furaha, si kwa uangalifu. Lakini kile kibao cha kuandikia nilikufundisha mimi mwenyewe, tumekaa mlangoni petu. Sindano inatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, nyuma ya karatasi, ili ukiigeuza nukta zisimame na kwenda sawa. Hilo ulilisahau. Uliweka mbele yako kadi ya herufi niliyokuachia ukanakili kama ulivyoona. Mtu anayesoma kwa vidole hawezi kukosea hivyo barua nane, maana asingeweza kujisomea hata neno moja aliloandika.

Hata hapo sikutaka kukushuku. Nikamwandikia mwalimu wake. Amenijibu kwamba ulifika wiki ya tatu ya muhula wa kwanza, ukasema kuna matanga kwenu Migori, ukaondoka na mtoto, na mpaka leo hajarudi. Halafu juzi binamu yangu Ouma alipita hapa akitoka Oyugis, nikamuuliza kama mtu anayeulizia tu. Akasema, "Awuor? Si yuko tu nyumbani. Nilimwacha akichambua njugu na Dani." Dani, mama yangu mzazi. Kwa hiyo hata yeye alijua.

Mwaka mzima nimekuwa nikisoma "Baba, leo tumeimba," "Baba, nimekuwa wa pili," na kuwasomea watu ofisini. Ile sweta niliyomtumia ya kuvaa bwenini anaivalia wapi? Umenifanya mjinga kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Ungenikatalia usoni ningekasirika, ningefoka, na yangeisha. Najua ulilia pale stendi ya Oyugis siku ya kumpeleka. Najua watu walikuambia kwamba mtoto wa hivyo ukimpeleka kwa wageni umemtupa. Hayo yote ningeyasikiliza. Lakini wewe ulikaa na kibao, herufi baada ya herufi, ukajifunza breli yote kwa ajili ya kunidanganya, na yeye yuko hapo kando yako na vidole vyake kumi. Sijui kama ulimpa hata herufi moja. Nikifikiria hilo nashindwa kula.

Mwalimu amekubali kumwekea nafasi mpaka muhula mpya ufunguliwe. Sitatuma mtu aje kumnyakua, wala sitakuja na fimbo.

Nisalimie mama, umwambie nimemkasirikia ila dawa ya mguu inakuja na Ouma. Msalimie shemeji yangu Chacha, ndugu yako wa Migori, pamoja na mzee wa kanisa anayetuombea kila Sabato. Mdogo wangu Otieno apeleke ng'ombe kuogeshwa, asingoje kukumbushwa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi moja ngumu. Ni ya Awuor, na nukta zake zimesimama. Nimemweleza kwamba shule bado inamngoja, kwamba zimenifikia barua nane kwa jina lake ambazo hakuziandika, na aliyeziandika ni nani. Nimemuuliza anataka nini yeye mwenyewe. Kwa zile wiki tatu za shule hawezi kuisoma peke yake, na Kosele nzima hakuna mwingine anayezijua herufi hizo ila wewe. Mshike kidole, ukipitishe juu ya kila nukta, umtajie. Usiruke neno, hata pale penye jina lako.

Mumeo,
Okello